Nilipeleka Isale Kabla ya Kuuliza

Juzi nilimsikia mdogo wangu sokoni. Sikumwona, nilimsikia. Kijana mmoja muuza viazi alikuwa ameiweka simu yake ndani ya bakuli tupu ili sauti itoke kubwa, na humo bakulini mdogo wangu alikuwa anatamba kwa sauti ile ile ya miaka yake ishirini na miwili. Nikasimama na kikapu changu mpaka kijana akaniuliza, "Mama, nikupimie?" Nikamwambia nipimie. Wala sikuwa na shida ya viazi.

Wenye marehemu wao wana kaburi, wanajua waende wapi na maua yao. Mimi wa kwangu hajafa, kwa ninavyojua, lakini sauti yake inanijia bila hodi. Saluni inanikuta nimefunikwa kichwa. Harusini inanikuta na sahani mkononi. Ule mlio wa kinanda wa mwanzo ukianza tu, tumbo linanikata, na watu wananiuliza dada vipi, nawaambia ni vidonda vya tumbo. Nimeusema uongo huo mara nyingi hadi kuna mama kanisani ananiletea maji ya kabichi.

Miaka ile alipokuwa anaimba nilikuwa fundi cherehani pale Moshi mjini, kwenye baraza ya duka. Mitumba ilikuwa imetumaliza mafundi. Nani ashone gauni wakati marobota yanafunguliwa kila wiki? Tukawa mafundi wa kupunguza: kata hapa, bana pale, badilisha zipu. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekuwa anataka kuongezewa. Alikuwa ananiletea jinzi mbili nimtengenezee moja, suruali ya kuingia watu watatu na mbuzi. Namwambia, "Wewe, hii ni suruali au hema la mkutano wa injili?" Anacheka mpaka anakaa chini. Alikuwa anacheka kwa mwili mzima yule mtoto, na mimi nilipenda kumchekesha.

Kwetu ni Old Moshi, Walutheri, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Kahawa ilikuwa imeanguka bei na watu walikuwa wameanza kuing'oa wapande nyanya. Baba hakung'oa hata mche mmoja, na hakupenda chochote kilichokuja baada ya kahawa kuanguka, akianza na muziki wa mwanawe. "Muziki wa wahuni," ndivyo alivyouita. Lakini wimbo wa kwanza wa mdogo wangu kuchezwa na redio zile mpya za FM ulikuwa ni kuhusu kahawa, na mzee anayeiangalia mibuni kama anaangalia watoto wagonjwa. Siku moja nilimkuta baba nyuma ya zizi, redio ndogo sikioni, anausikiliza. Aliponiona akazima akaanza kumsema ng'ombe.

Kwa wimbo ule alipata heshima. Jina alilipata kwa bifu.

Kulikuwa na kijana mwingine wa hapo hapo mjini aliyekuwa anarap, mzuri tu. Mapromota wakagundua kwamba wawili wakipatana ukumbi haujai, wakitukanana watu wanapanga foleni. Basi huyu akitoa kanda, yule anajibu. Magazeti ya udaku yakawa yanapanda na mabasi kutoka Dar, yameandika kwamba wamegombania msichana, mara wamerogana, mara mdogo wangu ameapa kuua. Yote uzushi. Mimi mwenyewe niliwaona wawili hao wanakula chipsi sahani moja nyuma ya stendi, wanapangana nani amtukane nani mwezi ujao. Ilikuwa kazi. Kujisifu na kutishia ndiyo hip-hop yenyewe, na mpaka leo nabishana na yeyote anayesema vinginevyo. Kwaya yetu iliimba miaka nenda rudi kwamba Daudi alimkata Goliathi kichwa, na hakuna askari aliyekuja usharikani kuulizia hicho kichwa.

Ule mstari wenyewe ulizaliwa barazani kwangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na daftari lake, anatafuta neno. Akasema, "Nitakuchora ramani usoni..." halafu akakwama. Mimi nilikuwa nashona, mguu unakanyaga, sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, "...mpaka mama yako apotee njia." Jamani alivyoruka! Alinikumbatia na sindano mdomoni, nusura niimeze. Nusu ya mstari huo ni yangu. Mpaka anafungwa, hakuna mtu niliyewahi kumwambia.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe ishirini na sita Desemba, ile siku ambayo Moshi nzima imejaa waliorudi kula Krismasi nyumbani. Walikuwa na onyesho la mchana kwenye ukumbi mmoja mjini, watoto na watu wazima pamoja, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi ili taa za rangi zionekane. Nilikuwepo. Nilikaa karibu na jukwaa na kopo langu la sindano, maana suruali ya hema ilikuwa na tabia ya kupasuka. Walikuwa jukwaani wote wawili, uso kwa uso, wanafika kwenye ule mstari, umeme ukakatika.

Giza lilikuwa giza kweli, na nje jua linawaka. Watu wakapiga kelele, kwanza za furaha, halafu nyingine. Nikasikia chupa. Nikasikia watu wanapanda jukwaani, vishindo vya viatu. Mtu akafungua mlango mkubwa na mwanga wa saa tisa ukaingia wote kwa mpigo. Yule kijana mwenzake alikuwa chini, shavu limefunguka kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo, na mdogo wangu amepiga magoti juu yake, mkono wa kulia umejaa damu. Kulikuwa na watu kama kumi jukwaani. Lakini mdogo wangu ndiye aliyekuwa ametangaza ramani, nusu mkoa wakiisikia.

Asubuhi yake nilimpelekea mtori, supu yetu ya ndizi, kituo cha polisi. Askari akanionjesha kijiko cha kwanza mwenyewe, ndivyo wanavyofanya, kisha wakamtoa akasimama upande wa pili wa kaunta. Mkono umefungwa kitambaa. Nikamwuliza, "Umelala?" Akasema kidogo. "Baridi je?" Ipo. "Mkono unauma?" Unauma. Halafu akasema, "Dada," akanyamaza, ananiangalia. Alikuwa anasubiri. Siku hiyo nilidhani anasubiri nimpe moyo, nikamwambia, "Baba amesema utulie." Akaitikia kwa kichwa, akachukua mtori.

Nimekirudia kile kituo kichwani sijui mara ngapi. Nilikuwa nacho kinywa, na muda nilikuwa nao. Niliuliza habari za baridi.

Sikumwuliza kwa sababu nilidhani najua. Hilo nalisema wazi. Nilimjua tangu nambeba mgongoni, na bado nilidhani amefanya, kwa sababu ya damu, na kwa sababu ya mstari ambao nusu yake niliutunga mimi mwenyewe kwa mzaha. Mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho.

Baba naye hakuuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, miguu imevimba, hatembei. Nilipotoka kituoni nikamweleza vizuri nilichokiona ukumbini. Akasema tu, "Kakate isale."

Kwetu Wachagga isale ni mmea wa mpakani. Ndiyo uzio wa kihamba, shamba la ukoo, ndiyo alama ya makaburi ya wazee wa zamani. Ukimkosea mtu, ukoo wako unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaletewa, hana ruhusa ya kukataa. Atalia, atatukana, lakini mwisho atalipokea na kusamehe. Na lazima liende haraka, kabla hasira haijaota mizizi. Hakuna anayesubiri upelelezi. Baba alinieleza hivyo siku hiyo kama vile sijui: isale halisemi nani kafanya nini, linasema tusiuane. Kwa kawaida angekwenda mwanamume mzima, lakini wadogo zangu wengine wa kiume walikuwa wamesharudi Dar kwa basi la alfajiri, na miguu ya baba ndiyo hiyo. Nikaenda mimi, mtoto wa kwanza.

Mama wa majeruhi alikuwa mjane, anakaa juu kidogo ya mji, Mkatoliki, ana rozari imening'inia mlangoni. Nikasema shikamoo mama, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu asiye na habari na salamu. Nikapiga magoti, nikamwekea jani mbele yake. Aliliangalia weee, machozi yanamtoka kimya kimya. Akasema, "Mwanangu hospitali wamemshona nyuzi ishirini na mbili." Nikasema pole mama. Akasema, "Nilikuwa nausikia ule wimbo. Mama yako apotee njia. Nilikuwa nacheka, unajua? Nilikuwa nawaambia majirani, huyo mama ni mimi." Mimi nikiwa nimepiga magoti pale, na neno lenyewe ni langu.

Halafu akaliokota jani, akalibusu, akaliweka nyuma ya picha ya Bikira Maria. Akaniletea kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, tukanywa zamu kwa zamu. Nilishuka mlima nimepungukiwa mzigo. Mungu wangu, nilishuka naimba.

Ila kesi haikuwa ya yule mama. Kesi ilikuwa ya Jamhuri. Hilo ndilo ambalo hatukulielewa, sisi wote, na elimu yetu na shule zetu za misheni. Tulidhani mwenye kidonda akishasamehe, mambo yamekwisha, serikali itafunga faili na kutuaga vizuri.

Mdogo wangu aliposomewa shtaka mahakama ya wilaya alisema si kweli, na mimi nikawaza, wote husema hivyo. Wakili hatukuwa naye. Yule kijana akatoa ushahidi na kovu lake bado jekundu: hakuona aliyemkata, kulikuwa na giza, lakini aliyekuwa mbele yake ni mmoja tu. Mwendesha mashtaka akaleta redio kaseti. Naam, wakapiga wimbo mahakamani. Hakimu, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, alisikiliza ameinamisha kichwa kama yuko msibani. Mstari ulipofika, wakaurudisha nyuma, wakaupiga tena. Nilikuwa benchi la pili. Ilibaki kusimama tu niseme, mheshimiwa, huo ni mzaha, nusu yake niliutunga mimi nikiwa nashona zipu. Nilikaa.

Ndipo akaitwa yule mama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Na jamani, yule mama alikuja kutusaidia. Nataka lieleweke hilo. Alipoapa tu, akafungua mkoba wake, akatoa jani la isale, limeshakauka, fundo likiwa bado limefungwa vile vile nilivyolifunga mimi. Akaliinua. "Mheshimiwa, mimi nimeshamsamehe huyu mtoto. Ndugu zake walileta isale, hili hapa. Naomba mumwachie akale nyumbani."

Watu wa kwetu waliojaa mle ndani wakanong'ona kwa furaha. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Imekwisha." Hata mimi nikashusha pumzi.

Hakimu akauliza hilo ni jani la nini. Mwendesha mashtaka, naye mtoto wa hapa hapa mlimani, akasimama taratibu. "Mheshimiwa, ni jani ambalo kwa mila za Wachagga familia ya mkosaji humpelekea aliyekosewa, kuomba msamaha." Hakimu akashika kalamu akaandika. Sisi tulizungumza Kiswahili, yeye akiandika Kiingereza, na mpaka leo sijui mle kwenye karatasi isale la baba yangu liligeuka kuwa nini. Ninachojua ni kwamba alimaliza kuandika, akamgeukia mdogo wangu, akamwuliza, "Kama hukufanya, mbona nyumbani kwenu walipeleka jani?"

Mdogo wangu alikuwa hajui. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa mahabusu wakati sisi tunahangaika na mila zetu. Akageuka kututafuta kwenye mabenchi, macho yakaja moja kwa moja kwangu. Wala hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa.

"Sijui, mheshimiwa," akasema.

Zamu yake ya kujitetea ilipofika alisema alimshika mwenzake asiangukie vipande vya chupa, ndivyo mkono ulivyokatika. Lakini alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine. Hakimu akampa miaka mitatu. Nimeona watu waliokwapua mali ya chama cha ushirika wakatoka na mawakili wao wamevaa miwani ya jua, wanapeana mikono ngazini. Mdogo wangu alipewa miaka mitatu kwa giza, kanda na jani. Yule mama alianguka pale pale mlangoni analia, mimi ndiye niliyempepea.

Na redio hazikuacha! Mtu yuko ndani anavunja kokoto, sauti yake iko mjini inatembea. Kila duka la kanda. Magazeti ya udaku yakaandika "Ramani Kweli", picha ya kovu upande mmoja na ya mdogo wangu upande wa pili. Kanda zikauzwa kuliko mwanzo, mapromota wakanenepa. Baba aliniambia nimsogezee redio yake ndogo, akawa anauwinda ule wimbo wa kahawa, lakini walikuwa wanapiga wa ramani tu. Akafariki mwaka wa pili. Siku mbili kabla, aliniuliza, "Hivi yule mtoto alikuambia alifanya?" Nikasema hapana baba, hakuniambia. Akasema, "Nami hakuniambia." Akageukia ukutani.

Alitoka kabla ya miaka mitatu kwisha, kwa tabia njema. Alirudi Old Moshi akawa anakata majani ya ng'ombe, anapalilia migomba, hasemi sana. Suruali zake za hema nilikuwa nimezitunza. Alizijaribu moja, ikamshuka. Nikasema nikupunguzie? Akasema punguza, dada. Kuimba hakuimba, hata mluzi hakupiga.

Nilivumilia mwezi mzima. Jumapili moja, baada ya ibada, nilikwenda kwenye uzio nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Nilimkuta anakula kiburu jikoni, ndizi zilizopondwa na maharage. Nikapiga magoti kwenye majivu pale pale, mimi dada yake mkubwa niliyemfundisha kutembea, nikamwekea jani magotini. Nikasema, "Nisamehe." Sikuweza la zaidi.

Aliliangalia jani, hakuligusa. Akasema, "Hili nikishalipokea sina ujanja, sivyo? Lazima nisamehe." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi niulize kwanza, dada. Mara hii niulize kwanza."

Nikamwuliza. "Ulimkata?"

"Hapana," akasema.

Nami nikanyamaza. Haukuwa muda mrefu, ni muda wa kutunga uzi kwenye sindano, basi. Nilikuwa nasubiri. Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri aongeze neno, atoe ushahidi kidogo, aape. Miaka yote ile, baada ya yote yale, na ndani yangu kulikuwa bado na kahakimu kadogo kameshika kalamu. Nikainua uso, nikamwona ananiona. Akatabasamu, tabasamu la heshima, kama mteja ambaye nguo haikumtosha ila hataki kumwumiza fundi.

"Haya, dada," akasema. "Asante kwa kuuliza." Akamalizia kiburu chake.

Kesho yake kulipopambazuka hayupo. Jirani alimwona anashuka barabarani na begi dogo. Baadaye mtu akasema amemwona Holili, anapakia mizigo mpakani, mwingine akasema ameshavuka, yuko Kenya, ana duka la kanda. Nilikwenda Holili mara tatu. Nilizunguka kwenye malori nikiuliza kama mwendawazimu, na kwenye kibanda kimoja ukapigwa ule wimbo. Nikaingia mbio. Alikuwemo msichana tu anauza vocha.

Jani hakuliacha. Nilitafuta jikoni kote siku ile, chini ya kigoda, kwenye majivu, hata kwa ng'ombe. Alilichukua. Kwa mila yetu maana yake amenisamehe, na kila ninayemsimulia ananiambia hivyo, shukuru, mtoto alikusamehe. Najua alinisamehe. Mimi ndiye ambaye sijamwambia kwamba nimemwamini.